Wazee Walivukia Wapi? Daraja, Ardhi na Lugha Katika Nchi ya Voi

Wahenga walituasa tusitupe mbachao kwa msala upitao. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa vijana wanaoziacha mila zao kwa kuvutiwa na mambo mapya. Katika makala haya nakusudia kuitumia mahali ambapo pengine haijazoeleka kutumiwa, nako ni kwenye ujenzi wa daraja la barabara ya kijijini. Huenda msomaji akajiuliza mwanafunzi wa fasihi ana lipi la kusema juu ya saruji, nondo na kalvati. Wenzangu darasani wameniuliza swali hilo zaidi ya mara moja, tena kwa kicheko. Jibu langu ni kwamba kabla daraja la zamani halijabomolewa na jipya kujengwa, wenyeji huulizwa maswali. Maadamu pana maswali, pana lugha. Na maadamu pana lugha, wanafunzi wa Kiswahili hawana udhuru wa kukaa kando.

Naomba kwanza nieleze jambo lenyewe. Serikali au mfadhili anapotaka kujenga upya daraja, wataalamu hutumwa kukadiria athari za kazi hiyo kwa mazingira na kwa watu. Sehemu mojawapo ya kazi yao ni kupima uwezekano wa kuwepo kwa mabaki ya kale katika eneo litakaloguswa. Kazi hii ina hatua zake. Kwanza, mtaalamu husoma ramani za zamani, picha zilizopigwa angani, ripoti za watafiti na kumbukumbu za nyaraka. Pili, hutembea kwa miguu akiikagua ardhi yadi baada ya yadi. Tatu, huwauliza wenyeji. Endapo dalili zitaonekana, basi wenye leseni huweza kuchimba mashimo madogo ya majaribio, au kusimama kando ya tingatinga wakati wa ujenzi na kuangalia kinachofukuliwa. Mwishoni huandikwa ripoti inayomwambia mhandisi mambo matatu: pana nini, kina thamani gani, na afanye nini ili asikiharibu.

Watu wengi hudhani kwamba hatari yote iko pale nguzo za daraja zinapozamishwa. Sivyo. Mchanga wa mtoni umekwisha kusombwa na mafuriko ya miaka na mikaka, na ni nadra kitu cha kale kubaki hapo mahali pake. Hatari kubwa iko pembeni: kwenye matuta ya kuingilia darajani, kwenye mashimo yanakochimbwa changarawe, kwenye kambi ya wafanyakazi, na hasa kwenye mchepuko, yaani ile njia ya muda inayofunguliwa ili magari yapite wakati daraja likijengwa. Mchepuko hupitishwa penye wepesi. Na penye wepesi kwa gari la leo, mara nyingi ndipo palipokuwa na wepesi kwa miguu ya jana.

Mimi nilikulia Voi. Miaka michache iliyopita, wakati wa likizo ndefu, niliajiriwa kwa siku mbili kuwa mkalimani na mwandishi wa kumbukumbu katika baraza lililoitishwa na chifu, kwenye kijiji kimoja kilicho kando ya kijito kinachoteremsha maji ya mvua kutoka vilima vya Taita kuelekea Mto Voi. Ofisi iliyoniajiri haina haja ya kutajwa. Daraja lililozungumziwa lilikuwa la chini, lenye makalvati mawili, na kila msimu wa mvua lilifunikwa na maji. Watoto walikosa shule kwa siku kadhaa. Mama wajawazito walibebwa kwa machela hadi ng'ambo. Hapakuwa na mtu barazani aliyelipinga daraja jipya, wala mimi sikuona sababu ya kulipinga.

Fomu tuliyopewa ilikuwa imetafsiriwa ofisini kutoka Kiingereza. Swali moja lilisomeka hivi: "Je, kuna maeneo yoyote ya kiakiolojia, kihistoria au ya urithi wa kitamaduni ndani ya mawanda ya mradi?" Lilisomwa kwa sauti ya wazi, na kimya kikatanda. Wazee wakatazamana. Hatimaye mmoja wao akainua bakora yake na kuuliza kwa upole: "Mwanangu, hiyo kiakiolojia ni shirika la serikali au la wafadhili?" Watu wakacheka, naye akacheka pia. Karani wa shughuli akaandika neno moja katika nafasi ya jibu: "Hakuna." Kisha tukaendelea na swali la vyoo vya wafanyakazi.

Neno hilo moja ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kisarufi, swali lile halikuwa na dosari. Ngeli zilipatana, viambishi vilikaa mahali pake, na istilahi zilikuwa zile zile tunazozikuta katika kamusi na vitabu vyetu. Hata hivyo, halikuwa swali, kwa sababu walioulizwa hawakuwa na namna ya kulijibu. Katika masomo yetu ya tafsiri tunafundishwa kwamba matini ina hadhira yake, na kwamba tafsiri isiyoifikia hadhira haijakamilika hata ikiwa kila neno limepata kisawe. Barazani niliyaona mafundisho hayo yakigeuka kuwa jambo la udongo na mawe. Tafsiri isiyofika ilikuwa karibu kuifuta historia ya kijiji katika kumbukumbu rasmi, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Je, kwa nini neno "Hakuna" lilinisumbua? Kwa sababu katika nchi ya Voi na Taita Taveta neno hilo ni zito mno kuandikwa kwa wepesi. Tuanzie mbali. Katika kingo za Mto Galana, ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki, wanaakiolojia wamepata ushahidi wa wafugaji walioishi huko zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Walikaa juu ya matuta ya mto, karibu na maji lakini mbali na mafuriko, yaani pale pale ambapo mhandisi wa leo angependa kuweka kambi yake. Kusini mwa Voi, katika mlima wa Kasigau, Profesa Chapurukha Kusimba na mwenzake Sibel Kusimba wamechunguza makazi ya kale, mahali pa kufulia chuma, na mapango yaliyozungushiwa kuta za mawe. Katika makala iliyochapishwa mwaka 2004 Profesa Kusimba aliyahusisha mapango hayo na nyakati ambazo watu walijificha pamoja na mifugo yao kwa kuhofia wavamizi na wafanyabiashara ya utumwa.

Isitoshe, nchi hii ilikuwa njia. Misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Mombasa ilikata nyika ya Taru, ikatafuta maji Maungu na Ndara, ikapita Bura na kupumzika katika msitu wa Taveta kabla ya kuendelea bara. Mmishenari Johannes Rebmann aliipitia nchi ya Taita mwaka 1848 alipokwenda kuuona Mlima Kilimanjaro, naye Joseph Thomson akaipitia mwaka 1883. Vitabu huwataja hao wawili na kuwasahau wapagazi waliobeba mizigo, waliopika kando ya vijito, waliovunja vyungu na kupoteza shanga zao mchangani. Baadaye ikaja reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Tsavo mwaka 1898. Kisha vikaja vita. Wajerumani waliitwaa Taveta mnamo Agosti 1914. Waingereza wakajenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Maktau mwaka 1915, na tarehe 12 Februari 1916 yakapiganwa mapigano ya kilima cha Salaita. Makaburi ya askari yapo Voi, Maktau na Taveta hadi leo. Katika vita hivyo hivyo, mwaka 1915, Waingereza waliwahamisha kwa nguvu watu wa Kasigau na kuwapeleka Malindi wakiwashuku kuwasaidia Wajerumani, na wengi wao walifia ugenini.

Nimeyataja haya yote kwa kusudi moja. Safari zote hizo, za mfugaji, mhunzi, mpagazi na askari, zilikutana na mito ya msimu. Mto wa msimu hauvukwi popote. Huvukwa penye mwamba au mchanga mgumu, na pale kingo zilipolala. Kwa hiyo vivuko ni vichache, na kila kizazi hukirithi kivuko cha kizazi kilichotangulia. Ndiyo maana daraja dogo la kijijini linaweza kuwa na uzito wa kihistoria usiolingana na ukubwa wake. Bwawa la Aswan lilipojengwa nchini Misri, dunia nzima iliamka, na kati ya mwaka 1964 na 1968 mahekalu ya Abu Simbel yakakatwa vipande na kuhamishiwa juu ya maji. Kalvati ya Taita haina Abu Simbel ya kuiamsha dunia. Kilicho chini ya mchepuko wake ni vigae na majivu, na vitu hivyo haviwezi kujitetea.

Msomaji atauliza: sheria inasemaje? Sheria haikunyamaza. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 ndiyo iliyoweka msingi wa tathmini ya athari za miradi nchini Kenya. Kanuni zilizotolewa chini yake mwaka 2003 ziliagiza kwamba, panapofanyika tathmini kamili, pawepo angalau mikutano mitatu ya wananchi, na ateuliwe mtu anayefaa wa kupokea na kuandika maoni ya mdomo na ya maandishi pamoja na tafsiri zake. Napenda wanafunzi wenzangu walitazame vizuri agizo hilo: tafsiri imetajwa ndani ya kanuni za mazingira. Hata hivyo, miradi midogo inaweza kupitishwa kwa ripoti fupi isiyokuwa na mikutano yote hiyo, na madaraja ya vijijini huwa katika hatari ya kuangukia humo.

Ipo pia Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Hiyo inamtaka mtu anayegundua kitu cha thamani ya kiakiolojia kutoa taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7, na inakataza uchimbaji wa kiakiolojia bila leseni. Hayo ni mema. Lakini taarifa ya siku 7 hufaa tu iwapo aliyegundua amejua kwamba amegundua. Dereva wa tingatinga anayekiona kigae cheusi kwenye udongo mwekundu hugundua kipi, kama hakuna aliyemwambia kigae ni nini? Tena sheria hiyo, inapofafanua vitu vya kale vinavyohamishika, huweka mpaka wa mwaka 1895. Huo ndio mwaka Uingereza ilipotangaza himaya yake juu ya nchi hii. Mwanafunzi wa fasihi hawezi kuupita mpaka huo bila kusita. Ina maana kwamba kibuyu cha mwaka 1894 ni cha kale kwa tafsiri ya sheria, ilhali kikombe cha mpagazi aliyekufa katika vita vya 1916 lazima kitafutiwe mlango mwingine wa kulindwa.

Nirudi kijijini. Baada ya baraza tuliketi kivulini kusubiri gari. Sikuwa tena na fomu mkononi. Nilimsogelea yule mzee aliyeuliza habari za shirika, nikamwamkia, nikamuuliza: "Babu, kabla ya daraja hili kujengwa, wazee walivukia wapi?" Hakuchukua hata nukta moja kufikiri. Alinyoosha bakora upande wa juu wa kijito na kusema: "Hapo penye jiwe. Hapa palitakwa na magari. Miguu ilikuwa na njia yake." Akaeleza kwamba babu yake alimwonyesha mahali wasafiri walipolala wakingoja maji yapungue, na kwamba ng'ambo ya jiwe palikuwa na kichaka kisichokatwa kuni. Katika lugha za Taita mahali patakatifu pa namna hiyo, palipotengwa ili kuilinda jamii, huitwa fighi. Neno hilo halikuwemo katika fomu yetu.

Bibi mmoja aliyekuwa akisikiliza akaingilia kati. Alisema kwamba shamba lake, lililo juu kidogo ya lile jiwe, humchosha wakati wa kulima kwa sababu jembe hugonga vigae kila mara. Nikamuuliza kama hukutana na kitu kingine. Akatazama chini, akatabasamu, kisha akanijibu kwa sauti ndogo kwamba yapo pia mavi ya chuma, ila asingeweza kulitamka neno hilo mbele ya chifu na wageni wa serikali. Nilimshukuru kwa heshima. Wanafunzi wa Kiswahili wanajua kwamba hilo ndilo jina la siku nyingi la taka zinazobaki baada ya kuyeyusha chuma. Neno hilo ni sahihi, la zamani na linaeleweka pwani na bara. Kwa mwanaakiolojia, mavi ya chuma juu ya uso wa shamba ni habari kubwa, kwa kuwa huonyesha kwamba huenda mahali hapo palikuwa na kiwanda cha wahunzi. Bibi yule alikuwa na jibu la swali letu tangu asubuhi. Adabu ya baraza ndiyo iliyomzuia, na fomu haikumfungulia mlango mwingine.

Hapo nilianza kudhani kwamba shida yote ilikuwa ya msamiati. Mzee akanionyesha kwamba ilikuwa na mizizi zaidi. Nilipomwomba ayaseme hayo mbele ya wataalamu, alitikisa kichwa. "Mwanangu," akasema, "ukisema hapa pana kitu, kesho wanakuja na vigingi." Hakuwa akitania. Mbuga ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, na leo mbuga za Tsavo zinachukua zaidi ya nusu ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta. Kwa watu wa hapa, kitu kinapotambuliwa kuwa cha thamani kwa taifa, mara nyingi huwa kimetoka mikononi mwa wenyewe.

Lipo na jeraha jingine ambalo mzee hakulitaja lakini kila Mtaita analijua. Zamani Wataita walikuwa na desturi ya kufukua fuvu la marehemu baada ya muda na kuliweka pamoja na ya wahenga wake katika pango la ukoo. Wakati wa ukoloni baadhi ya mafuvu hayo yalichukuliwa mapangoni na kupelekwa Cambridge nchini Uingereza. Mwanaanthropolojia wa Marekani W. W. Howells alipochapisha vipimo vyake vya mafuvu ya watu wa dunia mwaka 1973, miongoni mwa makundi yake lilikuwamo kundi lililoitwa Teita, lenye mafuvu 83. Hayo yalikuwa mababu na mabibi wa watu fulani, na katika majedwali ni namba. Jamii iliyopitia hayo ina haki ya kunyamaza inapoulizwa na mgeni mwenye kalamu: "Mna nini cha kale hapa?"

Kwa hiyo neno "Hakuna" lililoandikwa kwenye fomu lilikuwa limebeba mambo matatu kwa wakati mmoja: hatukulielewa swali, tunaona haya kulijibu, na tunaogopa matokeo ya jibu. Mhakiki wa fasihi hufundishwa kusoma ukimya wa mhusika kama anavyosoma maneno yake. Fomu haina nafasi ya kuandikia ukimya.

Mazungumzo hayo hayakuishia kivulini. Kwa idhini ya wazee wenyewe, niliyaeleza kwa mtaalamu wa urithi aliyekuwa katika msafara wetu. Aliyaamini mara moja, jambo ambalo naliona ni ustadi wa kazi yake. Kabla jua halijatua tulipanda hadi penye jiwe, wazee wakiwa mbele na sisi nyuma yao. Hakuna aliyechimba, kwa maana hapakuwa na leseni ya kuchimba, wala haja. Tulitembea tu. Vigae vilikuwepo. Mavi ya chuma yalikuwepo, mazito na yenye vinyweleo kama sponji. Na ramani ya mradi ilipofunguliwa, mchepuko ulionekana umechorwa ukikatiza shamba la bibi yule kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Mhandisi hakukasirika kama nilivyotarajia. Alisema kuuhamisha mchepuko ukiwa bado kwenye karatasi ni kazi ya penseli. Aliuhamishia upande wa chini wa daraja, na wazee walipoulizwa kuhusu upande huo walisema ni majaruba ya mchanga yanayohamishwa na maji kila mwaka. Daraja lilijengwa. Watoto huvuka kwa miguu mikavu. Kilichomo ndani ya shamba la bibi bado kimo ndani ya shamba la bibi, naye angali anakilalamikia kila anapolima. Hakuna kigingi kilichowekwa. Katika ripoti, mahali pa neno "Hakuna" pakawa na ukurasa mmoja na nusu.

Nafahamu kwamba wapo watakaosema haya ni anasa. Watauliza: nchi yenye njaa ya barabara itasimamisha kazi kwa ajili ya vigae? Hoja hii haifai kupuuzwa. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilituachia somo juu ya maana ya daraja kusombwa, nazo mvua za mwisho wa mwaka 2023 zikalirudia somo hilo. Aliyekwama ng'ambo na mgonjwa hana wakati wa kusikiliza habari za wahunzi. Lakini kisa nilichokisimulia hakikuchelewesha daraja hata kwa siku moja. Gharama yake ilikuwa matembezi ya jioni na mstari mmoja uliofutwa kwenye ramani. Kinachochelewesha miradi ni mabaki yanayofukuliwa ghafla wakati mitambo imekwisha kukodishwa, au kaburi linalovunjwa na kuwaleta wana wa ukoo barabarani wakiwa na hasira. Kuuliza mapema, kwa lugha inayojibika, ni njia ya kufika upesi. Wahenga walikwisha kusema kuuliza si ujinga.

Pana onyo moja la kutoa. Nisije nikaeleweka kwamba kila lisemwalo na wazee ni ushahidi wa kiakiolojia. Chukueni jina lenyewe la Voi. Masimulizi yanayorudiwa mara nyingi husema kwamba latokana na Kivoi, mfanyabiashara wa Kikamba aliyepiga kambi kando ya mto. Huenda ikawa kweli, na huenda watu walilisikia jina la mto kwanza kisha wakalitafutia mwenyewe, kwa kuwa majina ya mahali huzaa hekaya kama vile hekaya zinavyozaa majina. Simulizi humwonyesha mtafiti pa kwenda kutazama, na ardhi humwambia kama amefika. Aliye na simulizi bila ardhi ana ngano tu. Naye aliye na ardhi bila simulizi hushika kigae na asijue chungu kilikuwa cha nani. Ndoa ya taaluma hizi mbili ndiyo ninayoitetea.

Basi sisi tufanye nini? Napendekeza mambo manne kwa wanachama wa chama chetu na kwa wahadhiri wetu. Kwanza, tukusanye istilahi za urithi wa kale kutoka vinywani mwa wenye nazo. Tunayo vigae, mavi ya chuma, kivuko, mahame, ganjo na maneno mengine mengi ambayo watunga fomu hawayajui kwa sababu hawakutuuliza, nasi hatukujitokeza. Neno "mahame" pekee, yaani mahali palipohamwa na watu, lingeweza kuchukua nafasi ya nusu ya lile swali la barazani. Pili, tasnifu zetu za fasihi simulizi ziandikwe pamoja na ramani. Tunarekodi visasili na mighani kwa bidii, kisha tunaacha kutaja kijito na kilima kinachosimuliwa. Tatu, tuzipe lugha za wenyeji nafasi yake. Katiba ya mwaka 2010 imekipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi, na katika kifungu hicho hicho cha 7 imelitaka taifa kuendeleza lugha za kienyeji. Katika baraza la Taita, Kiswahili ni daraja la kuifikia fighi, na daraja halina haja ya kujifanya kijiji. Nne, tuwaombe wanaoandaa tathmini hizi, katika kaunti na katika mamlaka za barabara, wamhesabu mtaalamu wa lugha kuwa mmoja wa kikosi tangu siku ya kutunga maswali, badala ya kumwita siku ya mkutano ili asome kilichokwisha kuharibika.

Kazi hii haihitaji maabara wala fedha nyingi. Yahitaji daftari, adabu na masikio. Kwa wale watakaokuwa nyumbani likizo ijayo, iwe ni Wundanyi, Kilifi, Kitui au Kisumu, naomba waanze na madaraja ya kwao. Wachague moja, wamtafute mzee aliyelijua kabla ya saruji, wamwamkie inavyopasa na wamuulize alivukia wapi. Kisha waandike jibu lake kwa maneno yake mwenyewe, wataje tarehe na mahali, na wamsomee walichoandika kabla ya kuagana naye. Kurasa za jarida hili ziko wazi kwa majibu hayo.